Mwendo wa Watoto wa Mwinuko

Nchi yenyewe sitaitaja. Inatosha kusema iko mbali, haipakani na sisi popote, na msomaji akiona inafanana na nchi anayoijua, basi tatizo liko machoni pake na akapimwe. Ni nchi njema. Ina wimbo wake, ina mizinga ya siku ya sherehe, na ina Wizara kwa kila jambo. Jambo likikosa Wizara hupewa Kamati ya kulilea mpaka Wizara yake izaliwe.

Siku moja wafadhili waliiandikia Wizara ya Elimu, Afya na Mengineyo. Walikuwa na wasiwasi. Walisikia kwamba watoto wadogo wa dunia nzima wameacha kucheza, wanakaa tu, wananenepa, mifupa haikomai. Wakauliza kwa upole: watoto wenu wa darasa la kwanza mpaka la tatu, je, kwa siku miili yao inafanya kazi kiasi gani? Waziri aliona haya. Ng'ombe wa nchi aliwajua idadi, na nguzo za umeme zilizoanguka alizijua pia, ila hilo la watoto hakuna aliyewahi kumwuliza. Akajibu palepale, kama wakubwa wa nchi ile wanavyojibu, kwamba watoto wake hawatulii hata dakika. Wafadhili wakafurahi, wakasema watatuma vipimo vya kuthibitisha.

Vikaja vipimamwendo, vidude vya ukubwa wa kiberiti, vya kufungwa kiunoni kwa mkanda. Mtoto akiruka, kidude kinajua. Akikaa, kinajua. Na kila jioni kinapeleka habari chenyewe, kwa njia ya hewa, mpaka makao makuu, bila mwalimu kuulizwa na bila mkaguzi kunyweshwa soda. Hilo la mwisho liliwatia watu wengi mashaka.

Na kama kulikuwa na mtu aliyezaliwa kwa ajili ya mashaka, ni Mwalimu Sikudhani, mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Mwinuko. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa nia nzuri, wasijue kwamba binti yao atakuja kudhania kila kitu. Alishuku chaki mpya. Alishuku mvua za kwanza. Mtoto akiwahi shule alimwita pembeni na kumwuliza amefanya nini nyumbani. Lakini tusimlaumu mama wa watu, maana alikuwa ameitumikia Serikali maisha yake yote ya kazi. Aliwahi kupewa tangi la maji la shule, likaja tupu, na baada ya mwezi wakaja watu waliovaa tai kumwuliza maji yamekwenda wapi.

Kasha la vipimamwendo lilifika pamoja na nyaraka mbili. Waraka wa kwanza ulisema kila mtoto avae kipimo chake tangu anapoingia shuleni mpaka anapotoka. Waraka wa pili, wenye mhuri mkubwa zaidi, ulisema vipimo ni mali ya Serikali, na kitakachokwaruzwa, kitakachotumbukia kwenye uji au kitakachopotea, mwalimu mkuu atakilipia kwa mshahara wake, kwa kiinua mgongo chake na, ikibidi, kwa mwili wake. Mwalimu Sikudhani alizisoma zote mbili kwa makini. Kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya katika nchi ile, akatii mhuri mkubwa.

Alivipanga vipimo katika kabati la ofisini, akavifunika kwa kitambaa cha meza ya wageni, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. Humo kabatini vilikuwa na wenzao. Kulikuwa na tufe la dunia lisilowahi kuzungushwa, na mipira ya kuchezea ya msaada, mizuri ajabu, ambayo tangu ije ilikuwa bado imo ndani ya nailoni zake. Mwinuko ilisifiwa wilaya nzima kwa kutunza vifaa.

Mwalimu Yolamu, kijana aliyefundisha darasa la pili, aliuliza kama vidude vile havikuletwa vivaliwe. Mwalimu Sikudhani akamwuliza nani amemtuma. Kijana hakuuliza tena.

Huko nje, watoto walikuwa wakipiga mpira wa matambara. Mbele yao wote alikimbia Tunu wa darasa la pili, mjukuu aliyelelewa na Mwalimu Sikudhani mwenyewe. Mtoto huyo kutembea alikuwa hajui. Akitumwa chumvi anakimbia, akiitwa kula anakimbia, hata akiwa amelala miguu ilikuwa haina raha. Majirani wote walimpa bibi yake pole.

*

Haukupita muda, gari jeupe likapanda kilima na kusimama katikati ya uwanja, mahali palipokuwa na goli. Akashuka Bwana Ngwale, Mkurugenzi Msaidizi wa Mwendo wa Watoto, mtu mnene aliyehema kwa kufungua mlango tu.

Waliketi ofisini, wakaletewa chai. Bwana Ngwale hakuigusa, kwa kuwa alishuku anakaribishwa vizuri kupita kiasi. Mwalimu Sikudhani naye hakugusa yake, kwa kuwa alishuku kwa nini mgeni hanywi. Vikombe vikapoa hapo mezani mpaka vikatanda utando.

Bwana Ngwale alikohoa, akaeleza kwamba makao makuu yamesikitishwa na watoto wa Mwinuko. Shule nyingine watoto wanatembea, wengine wanakimbia, na kuna shule moja ya kusini ambako wanaonekana wanaruka usiku na mchana, na hiyo inachunguzwa kivyake. Lakini Mwinuko, tangu vipimo vifike, hakuna mtoto aliyetikisika. Si kwamba wanatikisika kidogo, akasema, hawatikisiki kabisa. Wizara ilikaa ikalitafakari. Ama watoto wamekufa, lakini hilo lingeombewa rambirambi na Wizara haikumbuki kutoa. Ama wanaumwa wote kwa pamoja. Ama hawapo, ni watoto hewa, majina matupu yaliyobuniwa ili watu fulani wale unga wa uji. Wizara ilichagua hilo la tatu kwa sababu halihitaji dawa.

Aliposema "watu fulani" alimtazama mwalimu mkuu tumboni.

Wakati huo mpira wa matambara uligonga dirisha, na nyuma yake kikapita kishindo cha watoto na mayowe yao. Mwalimu Sikudhani alinyoosha kidole. "Hao hapo, Bwana Mkurugenzi. Si unawaona?"

"Nawaona," akasema Bwana Ngwale. "Lakini kuona kwangu ni maoni yangu binafsi. Hapa nimekuja kikazi."

Kabati lilikuwa nyuma ya kiti cha mgeni, angeweza kuligusa kwa kisigino. Mwalimu angesema tu kwamba vidude vimo humo, mambo yangekwisha. Lakini alimkumbuka mwenzake mmoja wa shule ya bondeni, aliyekiri kwamba vyandarua vya msaada amevihifadhi stoo ili mbu wasivichafue. Huyo alihamishiwa kituo ambacho hakijajengwa, na mpaka leo anakitafuta. Halafu tena, alijiambia, huyu Ngwale huenda anajua kila kitu na ananipima mimi. Akalikaza fundo la kanga lenye ufunguo.

Basi Bwana Ngwale akasoma maamuzi. Siku ya Alhamisi itakuja Kamati pamoja na mgeni rasmi. Watoto watapimwa mbele ya macho ya Kamati. Wakitikisika, watarejeshwa katika kuwapo, na uji utaendelea. Wasipotikisika, shule itafungwa, na watoto wowote watakaobaki baada ya kuthibitika kwamba hawapo watahamia Shule ya Mtambani.

Kufika Mtambani lazima uvuke barabara kuu, ile ya malori ya makaa ya mawe, yanayoteremka mlima kwa breki za kubahatisha. Mwaka juzi mwanafunzi wa Mwalimu Sikudhani, wa darasa la kwanza, alitumwa dukani ng'ambo ya barabara hiyo, na hakurudi. Mwalimu ndiye aliyekwenda kumfunika kwa kanga yake. Tangu siku hiyo akisikia honi hata akiwa kanisani, hushika kiti. Na sasa wanataka wavuke wote, wadogo kabisa, kila asubuhi na kila mchana. Aliogopa, na aliona hasira, na vyote viwili alivimeza pamoja na ile chai ya baridi.

Lakini gari lilipoondoka alijipa moyo. Kumbe jambo lenyewe ni jepesi, alijisemea. Wanachotaka ni watoto watikisike. Watoto wa Mwinuko? Tunu? Kuna kazi gani hapo?

*

Alhamisi alfajiri alifungua kabati, akavifuta vumbi vile vidude, na yeye na Mwalimu Yolamu wakaanza kuwafunga watoto viunoni. Wazazi walikuwa wamekusanyika penye uzio wakiwa na mashaka yao. Mmoja alisema kidude kinafyonza nguvu. Mwingine alisikia kwamba watakaokimbia sana wataandikiwa jeshi tangu sasa. Baba mmoja mwenye busara aliwaambia wenzake wasihangaike, maana watakaokimbia watatozwa kodi ya kukimbia na watakaokaa watatozwa ya kukaa, kwa hiyo ni sawasawa.

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Katika nchi ile, mgeni rasmi anapotarajiwa asubuhi, watoto hupangwa uwanjani alfajiri, naye hufika mchana. Ndivyo mambo yanavyoendeshwa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kwa hiyo watoto wa Mwinuko walipangwa mistari, wadogo mbele, mikono nyuma, shingo wima. Mwalimu Sikudhani mwenyewe ndiye aliyewafunza hivyo, mwaka hadi mwaka, kwa kauli na kwa fimbo. Mbele ya mgeni, aliwaambia siku zote, hata inzi akitua puani mwako, huyo ni wako, mstahimili. Na asubuhi ile, pamoja na wasiwasi wake wote, wazo la kumpokea mgeni rasmi watoto wakiwa wametawanyika halikumjia kichwani. Halingemjia mtu yeyote katika nchi ile.

Jua likapanda. Mgeni rasmi akafika. Watoto wakaimba wimbo wa kumkaribisha wakiwa wamesimama, wakaimba wimbo wa taifa wakiwa wamesimama zaidi, kisha wakasikiliza hotuba. Mgeni rasmi, akiwa kivulini ndani ya hema, alizungumzia umuhimu wa michezo kwa mtoto. Alisema mtoto ni miguu. Alisema taifa lisilorukaruka ni taifa lililokaa. Alirudi nyuma mpaka utoto wake yeye, akaeleza miti yote aliyopanda, mmoja baada ya mwingine. Bwana Ngwale alikuwa pembeni, ameinamia mashine yake yenye kioo, inayopokea habari za vipimo papo hapo, na kila baada ya kitambo alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Katikati ya hotuba mtoto mmoja wa darasa la kwanza alianguka kwa jua. Mashine ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza Mwinuko kuonyesha dalili ya uhai, na Kamati ikapiga makofi. Mtoto alipobebwa na kulazwa kivulini, mashine ikanyamaza tena, na Kamati ikakunja uso.

Hatimaye mgeni rasmi alimaliza, akajifuta jasho, akasema, "Sasa watoto wacheze."

Hakuna aliyejongea. Watoto wote wakamtazama mwalimu mkuu.

"Chezeni," akasema Mwalimu Sikudhani.

Sauti yake waliijua. Ndiyo ileile aliyoitumia siku moja kwenye paredi, mgeni mwingine akiwapo, aliposema kwa upole kwamba anayetaka kucheza acheze, asiogope. Walikuwapo wajinga wachache waliocheza. Hao walichota maji wiki nzima. Mtego wa namna hiyo mtoto hauingii mara mbili. Mistari ikanyooka. Vifua vikatoka mbele, visigino vikagusana, na hata vile vichanga vya darasa la kwanza vilivyokuwa vikijikuna vikaacha kujikuna.

Mwalimu alitabasamu. Hilo lilikuwa kosa, maana hawakuwa wamezoea, na baadhi wakaanza kulia kimyakimya, bila kutikisika. Akawaendea mmoja mmoja, akawaambia jamani, leo ni kweli, leo kimbieni. Wakamwitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu," na wakabaki walipo. Akamwambia Mwalimu Yolamu atoe mfano. Kijana akaruka mara mbili tatu hivi kwa aibu, mbele ya wakubwa, na watoto wakamwangalia kwa huruma, wakijua maji atakayochota.

Mwishowe alifika kwa Tunu. Alimkuta mjukuu wake amesimama kama msumari, macho mbele, na miguu ile isiyojua kutulia imekazwa mpaka inatetemeka ndani kwa ndani, kidogo mno kwa kidude kuona. Mwalimu Sikudhani alipiga magoti kwenye vumbi akiwa na nguo yake ya sherehe.

"Tunu mjukuu wangu, kimbia. Mimi bibi yako ndiye ninayekuomba."

Mtoto hakugeuza shingo. Alisema taratibu, midomo ikicheza kidogo tu, "Mgeni akiondoka utanichapa."

Mwalimu Sikudhani alijua ni kweli. Mwaka jana alimchapa kwa hilohilo. Alimchapa zaidi ya wengine, watu wasije wakashuku kwamba anampendelea. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, akabaki amepiga magoti pale mbele ya watu wote kama mtu aliyeangusha kitu asichokiona.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika utumishi wake. Alisimama, akaliendea hema, akasema ukweli. Alisema vipimo hawakuvivaa hata siku moja, alivifungia kabatini yeye mwenyewe kwa kuogopa mhuri, na ndiyo maana havikuonyesha kitu. Kosa ni lake, wamfunge yeye, lakini shule waiache, kwa sababu ya barabara ile.

Kamati ilinong'onezana. Kila mmoja alishuku kwamba mwalimu mkuu anayekiri kosa bila kuulizwa ana kosa kubwa zaidi analolificha. Bwana Ngwale akasimama, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyefarijika.

"Mwalimu Mkuu, wewe unasema vilipokuwa kabatini vilisoma sifuri. Leo viko viunoni mwa watoto na, tukimwacha yule aliyeanguka, vinasoma sifuri. Basi kabatini au kiunoni, jibu ni moja. Wizara haikukosea."

Makofi yalikuwa mengi. Vipimo vikavuliwa na kuhesabiwa, watoto wakatangazwa kuwa hawapo, na mgeni rasmi akapewa kuku wake wa shukrani, akaingia garini.

Msafara ulipopinda kona ya mwisho na vumbi lake kutua, uwanja mzima ulilipuka. Walikimbia, walirukiana, walibiringika, walipiga mayowe ya watoto waliobanwa tangu alfajiri, na Tunu alikuwa mbele akikata uwanja kwa kasi isiyo na sababu. Mwalimu Sikudhani alitoka mlangoni kutazama, machozi yakimtoka. Mmoja akamwona. Papo hapo wote wakaganda, mikono ikarudi nyuma.

Alirudi ndani haraka. Akatokea mlango wa nyuma, akazunguka, akajibanza nyuma ya choo cha walimu mahali wasipoweza kumwona, mama mtu mzima, mwalimu mkuu wa shule isiyokuwapo, ameshika viatu mkononi. Kelele zikaanza tena uwanjani. Alikaa hapo na inzi mpaka jioni, akisikiliza.

*

Mwinuko ikafungwa. Mwalimu Sikudhani hakufukuzwa wala hakuhamishwa, kwa kuwa mtu hafukuzwi kwenye shule isiyokuwapo. Hakulipwa pia. Kila asubuhi aliwakusanya watoto penye mlango wake na kuteremka nao kilima, njia ndefu, mpaka barabara kuu, na kila mchana aliwafuata tena. Huko Mtambani Wizara iliweka afisa wake wa kuwafunga vipimo vya toleo jipya, vinavyosikia hata moyo, na aliwaachia navyo hata wakiwa njiani, usiku na mchana, asije mtu akavitia kabatini.

Mwisho wa muhula, asubuhi wakisubiri kuvuka, redio ya kibanda cha chai ilikuwa ikisoma taarifa ya habari. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alikuwa akizungumza, na alikuwa na furaha. Alisema wafadhili wameridhika. Alisema kuna watoto, wa kilima fulani, ambao zamani ilithibitika kisayansi kwamba hawatikisiki, na leo ndio wanaoongoza nchi nzima kwa mwendo. Wizara imechunguza siri yao ikaipata, nayo ni kuondoa shule karibu na mtoto. Kwa hiyo kuanzia mwaka mpya shule nyingine nyingi zitafungwa, ili mafanikio hayo yawafikie wote.

Zaidi ya hapo, aliendelea Waziri, vipimo vimeonyesha jambo la kupendeza. Watoto hao kila asubuhi na kila mchana, saa zilezile, wanakuwa na mchezo wao mfupi wa kukimbia kwa nguvu zote, moyo ukidunda kuliko mtoto mwingine yeyote aliyepimwa duniani. Wataalamu bado hawajaujua mchezo huo ni upi. Lakini Wizara imekwisha kuagiza uingizwe kwenye mtaala.

Lori lilipita na honi yake, likafuata lingine. Mwalimu Sikudhani aliukaza mkono wa Tunu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena kulia kwa sababu hakuiamini barabara. Vumbi la makaa likapungua kidogo.

"Sasa," akasema, na watoto wote wakakimbia.